Mlango wa Ofisi na Mlango wa Nyumba

Zamani mtu aliyetaka kumjua karani wa ofisi hakuwa na budi kufika dirishani akamwona. Leo ofisi nyingi zina tovuti, na humo mtumishi huwekwa picha na habari zake, zisomwe na mtu aliye Tandahimba au Toronto, mwema au mwovu.

Kampuni anayofanyia kazi mke wangu iliwagawia watumishi fomu ya tovuti hiyo. Jina, cheo na picha havikutushangaza. Lakini fomu ilitaka pia namba ya simu yake ya mkononi, tarehe ya kuzaliwa, mtaa anaoishi, majina ya watoto na shule wanayosoma, ati wateja wapate kuwazoea watumishi. Mkubwa mmoja akaongeza methali: mficha uchi hazai.

Methali hiyo hapo imepotoshwa. Mwenye uchungu wa uzazi humfunulia mkunga, hajifunui sokoni. Mteja anahitaji kujua nani atamhudumia na apige simu gani ya ofisi. Kuujua mtaa tunaolala hakumpunguzii foleni. Bali mtu mwovu akilijua jina la mtoto na shule yake, aweza kusimama langoni akamwita kama mjomba wake.

Wapo wasemao kwamba mtumishi akitia sahihi amekubali. Sahihi itiwayo mbele ya mwajiri, huku mtu akiwaza ada ya shule na kodi ya nyumba, ina hiari gani? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa zikusanywe kwa shabaha halali, wala zisizidi haja. Na kabla yake, Ibara ya 16 ya Katiba yetu ilikwisha kumpa kila mtu hifadhi ya maisha yake binafsi, familia yake na maskani yake.

Mke wangu alijaza jina, cheo na simu ya ofisi. Nafasi nyingine akazipiga mstari. Hajajibiwa hadi leo, nasi hatujui kama kimya hicho ni kibali au ni adhabu iliyoahirishwa. Hata hivyo, aliyeajiriwa ni yeye, si watoto wetu.

Ndugu mfanyakazi, kabla ya kutia sahihi, uliza kila swali la fomu linaisaidia kazi ipi. Nawe ndugu meneja, jiulize kama ungeridhika kuona jina la mwanao na shule yake vimebandikwa ukutani katika stendi ya mabasi.