Ishara Isiyojua Kiasi

Katika somo la hisabati tulifundishwa fanksheni ya ishara, iandikwayo sgn kutokana na neno la Kilatini signum. Namba yoyote chanya huigeuza kuwa 1, hasi kuwa -1, na sufuri huiacha ilivyo. Ukubwa hufutwa, upande hubaki. Sikuielewa barabara hadi siku nilipozuiwa mlangoni pa chumba cha mtihani. Akaunti yangu ya karo ilisoma -40. Mwenzangu, ambaye ndiye aliyenifariji, yake ilisoma -40,000. Waliokuwa na sufuri waliingia. Nilijaribu kujitetea kwa tarakimu, lakini karani aliitazama alama ya kutoa tu. “Hawajalipa,” alimwambia msimamizi, na ndani ya kiambishi hicho cha ukanushi shilingi 39,960 zilizotutofautisha hazikuonekana.