Upande wa Pili wa Kikwembe

"Geuza," mama aliniambia.

Ilikuwa mwaka 1983, sokoni Sake, mashariki mwa Kongo. Tulikuwa tumetoka kijijini kwetu Shasha alfajiri kwa miguu, ndizi kichwani, na muuzaji mmoja alikuwa amenikunjulia kikwembe, yaani kitenge, cha maua mekundu. Nikageuza. Kwa ndani maua yalikuwa yamefifia kama karatasi iliyonyeshewa. Mama akakunja mdomo: "Hiki ni cha Krismasi moja tu." Tukaondoka.

Wax ya kweli, ile tuliyoiita hollandais, haina ndani wala nje. Mama hakujua kwamba inatoka Helmond, Uholanzi, kwa Vlisco, kiwanda kilichoanza 1846 na kujitajirisha kwa kuiga batiki za Java. Yeye alijua mishipa ya kitambaa chake. Utomvu wa moto hupigwa pande zote mbili za kitambaa, kisha kitambaa huzamishwa katika nili. Utomvu ukipasuka, nili hupenya kwenye nyufa. Ndiyo maana yadi mbili za pisi moja hazifanani kabisa. Mama alikuwa akiufuata ufa kwa ukucha na kusema, "Utadhani mtu alikaa akachora."

Pisi ilikuwa yadi sita, inakatwa mara tatu: cha kujifunga, cha blauzi, cha kubebea mtoto. Siku hizo za Rais Mobutu suruali ilikatazwa kwa wanawake, kwa hiyo maringo yote yalibaki kwenye kikwembe. Vilikuwepo hata vyenye uso wa Mobutu mwenyewe, na fundi wetu alivipima mara tatu kabla ya kutia mkasi, asije akamkalisha Rais mahali pabaya.

Vikwembe vilikuwa na majina pia, na majina yalitolewa na wauzaji na wavaaji, si na kiwanda. Kile cha ndege aliyetoka kizimbani kiliitwa Si tu sors, je sors: ukitoka, nami natoka. Mke akikivaa siku mume amechelewa kurudi, majirani wote wamesoma barua.

Miaka ya 2000 zikaja pisi za China, bei nafuu, na wengi wetu tukapumua. Kisha zikaja hizi za sasa, zilizochapwa kana kwamba mchoraji amepitisha brashi: ua linamwagika hadi kwenye pindo, rangi zinaingiliana kama maji ya ziwa Kivu jioni. Hazina majina.

Binti yangu ni mshonaji Goma, mji ulikoanzia maonyesho ya mitindo ya Liputa, jina la Kilingala la kikwembe. Yeye hageuzi. Anatandika kitambaa chini, anarudi nyuma hatua tatu, anatafuta ua lipi liangukie begani na lipi likatwe na kiuno. Nilimwonyesha upande wa ndani, mweupe. Akacheka: "Mama, hakuna anayevaa ndani."

Nilinyamaza, kwa sababu gauni aliloshona lilikuwa zuri.

Februari 2024 vita vikafika Shasha na barabara ya Goma ikakatika. Nilitoka na kile kilichoingia katika furushi, na furushi nililifunga kwa hollandais ya marehemu mama. Nilipofika kwa binti yangu, akalifungua fundo, akakishika kile kikwembe chenye zaidi ya miaka thelathini, akakigeuza, kisha akakigeuza tena. Rangi ilikuwa ileile.

Hakuniambia neno. Baada ya miezi kadhaa alinishonea koti: nje ua la brashi, ndani bitana ya wax ya mama. Wateja wake sasa wanamwomba makoti ya namna hiyo, nao huyavaa bila kufunga vifungo ili bitana ionekane.

Basi nawe, uzuri wa mbele usikuharakishe. Kabla hujalipa, geuza.