Hoja Yako Iko Wapi?

Mtoto wa mama mkubwa alipoingia Mlimani, mtaani kwetu Manzese ukazuka ubishi usiokwisha: kipi kigumu, chuo kikuu au shule? Walioishia darasa la saba walisema chuo, maana hata jina lake linatisha. Dada mwenyewe, akirudi Jumamosi kufua nguo, alicheka tu. "Weee, fomu wani ndiyo ilikuwa balaa!"

Nilimuunga mkono upesi, na sababu ninazo. Nilimaliza kidato cha nne kwa divisheni ya nne, na mali yangu kwa sasa ni riwaya iliyofika sura ya saba. Lakini, ndugu msomaji, mimi sikufelia kidato cha nne. Nilifelia wiki ya kwanza ya kidato cha kwanza. Miaka 7 tulisoma kwa Kiswahili: tukajua mapafu, tukajua usanisinuru, tukajua mvua inatoka wapi. Ikaingia Januari, tukaambiwa vyote hivyo sasa ni kwa Kiingereza. Mwalimu wa bayolojia akauliza mimea inajitengenezeaje chakula. Nilikuwa najua! Nikanyoosha kidole, nikasimama, mdomo ukafunguka, neno halikuja. Nikajibu kwa Kiswahili. Darasa zima kicheko, na mimi nikavishwa kibao shingoni hadi jioni, kama mbuzi wa mnadani. Toka siku hiyo sikunyoosha tena kidole. Nikawa mtu wa kukariri, nakariri mpaka mkato na nukta. Na kukariri kuna raha yake mbaya, maana hakuna anayekuuliza wewe unaonaje.

Ndiyo maana dada aliponiambia, "Twende ukasikilize mhadhara," nilipanda daladala nikiwa nimeshajiandaa kuwa bubu. Kumbe somo lao la fasihi linafundishwa kwa Kiswahili. Siku hiyo ilikuwa zamu ya Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi ya mwaka 1971, ile iliyowahi kupigwa marufuku shuleni. Nikakaa nyuma kabisa. Hakuna aliyeita majina, hakuna kengele, hakuna wa kukuandikia ubaoni unakili. Na nilielewa kila neno! Nilitoka kichwa kimevimba. Hiki ndicho chuo kikuu? Mbona mteremko!

Jumamosi iliyofuata dada akaja na kapu la nguo na insha ya kuandika kuhusu kitabu kile kile. Alikuwa anaogopa sapu. Nikamwambia aniachie mimi, mwandishi yuko hapa. Usiku huo nikashusha kurasa 6. Nilimsimulia Rosa tangu mwanzo hadi kifo chake, kwa lugha ya kutoa machozi.

Asubuhi akaisoma kimya, kakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

"Umesimulia vizuri, mdogo wangu. Hoja yako iko wapi?"

"Hoja ya nini tena?"

"Wewe unasemaje? Kosa ni la Rosa, la baba yake, au la nani? Na utanithibitishiaje kutoka kitabuni?"

Nikatafuta jibu. Mdomo ukafunguka, neno halikuja. Safari hii Kiingereza hakikuwepo cha kusingizia.

Hapo ndipo dada akaniambia siri aliyowaficha watu wa kijiweni. Insha yake ya kwanza ya chuo alipata alama 4 kati ya 15. Alikuwa kaijaza desa tupu, maneno ya watu, kama tulivyozoea shuleni, akaenda kulia chooni. Fomu wani ilimpiga, anasema, lakini angalau ilimwambia kariri hiki na hiki. Kule juu wanakuachia maktaba nzima halafu wanakuuliza wewe.

Hakuitumia kazi yangu. Alikaa kibarazani mpaka jua la saa kumi akiandika, anafuta, anaandika. Nguo zake nikafua mimi, zote, na shuka mbili.

Usiku nikafungua daftari la riwaya yangu. Katika sura ya tatu kuna baba anamfukuza binti yake nyumbani. Nilipoiandika niliona imekaa vizuri sana, mvua inanyesha na kila kitu. Nikaisoma tena polepole. Sikuwahi kujiuliza kwa nini anamfukuza. Nimeichana sura hiyo, kurasa 11, na hadi leo nakaa na yule mzee nikimuuliza.