Sanamu za wababu na majina yao

Mtu akikimbia vita anabeba mtoto, sufuria na shuka. Vitu vya wababu vinabaki nyumbani. Jamaa nyingi zilizofika Lusangi na Wamaza zinalijua jambo hilo.

Kusini ya Kabambare, kuelekea Kongolo, Wahemba walichonga sanamu za mbao zinazoitwa singiti. Ikiwa moja, ni lusingiti. Ni babu aliyesimama, uso umetulia, macho yamefumba nusu, mikono imewekwa kwenye tumbo, huku na huku ya kitovu. Nyuma ya kichwa nywele zimesukwa kwa umbo la msalaba, na huo si msalaba wa wamisionari. Ndivyo wakubwa wa zamani walivyosuka nywele. Aliyeona picha za sanamu za Buddha za kule Asia atasema utulivu wa uso ni uleule. Lakini Buddha ni mmoja kwa mamilioni ya watu. Lusingiti ni babu wa ukoo mmoja, na yuko na jina lake.

Mikono ile kwenye tumbo inaonyesha kwamba anachunga uzao wake. Mkuu wa jamaa ndiye aliyetunza sanamu na kuwataja wababu kwa majina. Aliyekuwa nazo nyingi alionyesha kwamba ukoo wake ni mrefu, na kwamba udongo ule wazee wake waliukaa kweli. Wahubiri wengi waliziita miungu. Afazali wangeziita kitabu cha ukoo.

Miaka ya 1970 wachuuzi walizinunua kwa wingi, zikaenda Ulaya na Marekani, hata kama sheria ya 1971 ilikwisha kuweka masharti ya kutoa vitu vya kale katika inchi. Mwaka wa 1977 François Neyt alitoa kitabu kikubwa juu yake. Bei ikapanda, muchongaji na mwenye nyumba hawakuona kitu.

Leo, katika nyumba nyingi za makumbusho, karatasi chini ya sanamu inaandika tu: Hemba, Kongo. Jina la babu hakuna. Jina hilo, kama lingali hai, liko mdomoni mwa mzee fulani, na pengine mzee huyo analala usiku huu katika nyumba ya watu, mbali na kijiji chake. Wajukuu wako na madaftari ya shule. Kurasa mbili zinatosha kuandika majina hayo.