Wiki Sita za Mwisho Ng'ambo ya Mto Tana



Mtu atokaye Mombasa kwenda Garissa haombi viza wala hapandi ndege, na bado yuasafiri ugenini. Basi huondoka alfajiri, hupita Malindi na Garsen, kisha huufuata Mto Tana kwenda juu, Hola, Bura, hadi Madogo. Kufikia hapo minazi imeshasahaulika, hewa imekauka, na abiria wameshateremshwa na kupekuliwa katika vizuizi zaidi ya kimoja. Mbele ya Madogo pana daraja, na ng'ambo ya daraja ndiyo Garissa. Wazee wa huko, wakitaka kuvuka kuja upande wetu, husema: "Twaenda Kenya." Mgeni husikia akacheka. Usemi huo una historia yake, nasi tutaigusa mbele.

Tulialikwa mwanzoni mwa mwaka 2023 na shule moja ya binafsi inayochanganya elimu ya dini na ya serikali, tuwe wasaidizi wa somo la Kiswahili kwa mwaka mmoja wa masomo. Msaidizi si mwalimu mwenye darasa. Kazi yake ni kukaa na wanafunzi wakisoma kwa sauti, kusahihisha insha, na kuzungumza nao wakati wa mapumziko ili masikio yao yazoee. Mwenzetu wa nyumbani tulifuatana naye, na kwa hakika kazi yake ndiyo iliyozaa zaidi, kama itakavyoonekana.

Uhaba wa walimu wa Kiswahili huko haukuja wenyewe. Novemba 2014 abiria 28 waliuawa katika basi lililotoka Mandera, na miongoni mwao walikuwamo walimu wakirudi makwao likizoni. Tarehe 2 Aprili 2015 watu 148 waliuawa katika Chuo Kikuu cha Garissa. Januari 2020 walimu watatu wakauawa Kamuthe, katika kaunti hiyo hiyo ya Garissa. Baada ya hapo walimu wengi wasio wenyeji walihamishwa kutoka Garissa, Wajir na Mandera, na madarasa yakabaki na watoto na ubao. Ni haki kutaja pia kwamba Desemba 2015, basi jingine liliposhambuliwa katika njia ya Mandera, abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mmoja wao, mwalimu Salah Farah, alipigwa risasi, akafariki Januari 2016. Mwenyezi Mungu amrehemu. Wazazi wa Pwani waliotuuliza kwa simu kama mabinti zao walimu waende huko, tuliwapa habari hizi zote mbili, tukawaachia uamuzi wao.

Sasa tuingie darasani. Kisomali hakina sauti ya p, wala v, wala z. Mtoto aliyelelewa kwa lugha hiyo husema "besa" akikusudia pesa, na "suri" akikusudia zuri. Hayo ni mepesi. Kufua na kuvua ndiyo mtihani. Kijana mmoja wa darasa la saba, aliyekuwa amefunzwa majuzi tu kuitamka v, aliitia kila mahali kwa bidii, akasoma mbele ya wenzake kwamba siku ya Idi mama yake aliamka mapema akavua nguo za familia nzima. Watoto wa Kipokomo na Kimunyoyaya, ambao wamekulia kando ya mto na Kiswahili kinywani, waliangua kicheko. Lakini ilipofika zamu ya Qur'ani kicheko kilihama. Msomali huitamka ha na ayni kutoka kooni bila kufikiri, kwa kuwa zimo katika lugha yake, nao wale waliocheka walibaki wakikohoa.

Msichana mmoja wa darasa la nane alituuliza swali ambalo katika miaka yetu yote ya ualimu hatukuwahi kuulizwa. Kisomali hutenga mwanamume na mwanamke katika kitenzi chenyewe. Kiswahili husema "amekuja" kikanyamaza. "Maalim," akasema, "nikiwa ndani nikaambiwa amekuja, nitajuaje kama nijifunike?" Tulimwambia aulize, "Nani?" Akaona ni kazi ya ziada isiyo na sababu, na pengine ana haki.

Walituonea huruma pia kwa umaskini wetu wa ngamia. Sisi aghalabu hutumia neno moja tu, na mnyama akiwa mdogo twasema mtoto wa ngamia. Wao wana nirig kwa mchanga, qaalin kwa jike asiyezaa bado, hal kwa jike mzima, awr kwa dume wa mizigo, na bado hawajaanza kuhesabu. Tukajitetea kwa mnazi: kidaka, kitale, dafu, koroma, nazi. Hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuliona dafu mtini. Siku iliyofuata tulichora mnazi ubaoni, wao wakachora ngamia, na somo la ngeli likaenda vizuri kuliko siku zote, maana kila mchoro ulikuwa na mwenyewe wa kuutetea.

Wiki sita kabla ya kuondoka tulialikwa chai nyumbani kwa msichana yule wa swali. Bibi yake, ayeyo kama wanavyomwita, aliketi juu ya mkeka akiwa na tasbihi. Aliuliza tumekuja kufundisha nini. Mjukuu akafasiri. Bibi akasema Kiswahili anakijua, akatutajia maneno yote aliyo nayo: kaa chini, mikono juu, kipande, kimya.

Hapo kikombe cha chai hushikwa bila kunywewa. Wasomaji wetu vijana huenda hawajafunzwa haya shuleni. Eneo lile lilitawaliwa na Mwingereza kama wilaya ya mpakani iliyofungwa, mtu haingii wala hatoki ila kwa ruhusa. Mwaka 1962 tume iliwauliza watu wake wataka kuwa wapi, na Wasomali walio wengi wakasema wataka kuungana na Somalia. Hawakusikizwa. Vikaja vita vilivyoitwa vya Shifta, 1963 hadi 1967, na sheria ya hali ya hatari iliyodumu muda mrefu baada ya vita kwisha. Novemba 1980, baada ya maofisa wa serikali kuuawa mjini Garissa, askari waliuchoma moto mtaa wa Bulla Kartasi na kuwakusanya watu kiwanjani shuleni kwa siku kadhaa juani. Wenyeji huliita tukio hilo Gubai, yaani uchomaji. Mwaka 1989 Wasomali wa Kenya peke yao wakapangwa foleni kuthibitisha uraia wao na kupewa kadi ya rangi ya waridi. Katika yote hayo, lugha ya amri aliyoisikia mama kama huyu ilikuwa hii yetu, tuliyoisomea kasida na kubembelezewa usingizi.

Tulimweleza habari za Barawa, mji wa pwani ya Somalia ambako watu husema Chimini, ndugu wa Kiswahili, na ambako Dada Masiti, mwanamke mcha Mungu, alitunga tenzi za dini kwa lugha hiyo. Tukamtajia Wabajuni wa Kismayu. Alisikiliza kwa adabu. Kisha akasema, "Hao ni watu wa bahari," akatuongezea chai. Hatukumlaumu. Tuliloliona ni kwamba hakumkataza mjukuu wake. Msichana alipoanza kusoma insha yake kwa sauti, bibi alinyamaza, naye aliendelea kuhesabu tasbihi mpaka insha ikaisha.

Kazi ya mwenzetu ilianzia katika Suuq Mugdi, soko la nguo na vitu vya nyumbani ambalo jina lake lina maana ya giza. Muuzaji mmoja wa vitambaa alimwomba amfundishe Kiswahili, akamleta dada yake, na dada akaleta majirani. Kufikia Septemba walikuwa wanawake kumi na wanne, wakikutana uani kwetu baada ya swala ya Alasiri, kila mmoja na daftari la mtoto wake lililobaki kurasa. Sisi tulihamia msikitini wakati huo, kwa hiyo mengi ya hapa tumesimuliwa.

Mwanzo alifikiri wataka maneno ya biashara. Hesabu na bei walikuwa nazo tayari. Walilolitaka, baada ya kuzoeana, ni maneno ya hospitali. Daktari au muuguzi aghalabu ametoka mbali na hajui Kisomali. Mama huenda na mwanawe wa kiume wa miaka kumi na miwili amfasirie. Je, mama atamwambia nini mwanawe kuhusu hedhi iliyovurugika, au kidonda cha uzazi, au maumivu ya tumboni ambayo huyaeleza tu kwa dada yake? Basi husema, "Kichwa kinauma," hupewa dawa ya kichwa, akarudi nyumbani na ugonjwa wake. Mmoja wao alikaa hivyo miaka mitatu.

Daftari zikajaa maneno hayo: kizunguzungu, kichefuchefu, kiungulia, nyonga, kutokwa na damu, mimba imetoka, naona haya kusema mbele ya mwanamume, naomba muuguzi wa kike. Sentensi hizo mbili za mwisho zilikaririwa zaidi ya zote. Huigiza: mmoja muuguzi mwenye haraka, mwingine mgonjwa. Muuguzi hupewa ruhusa ya kufoka, na mgonjwa hufunzwa asiondoke kitini mpaka amemaliza sentensi yake. Sisi twaona somo hili lingefaa kuwamo katika kila madrasa ya kina mama, huko na huku Pwani, maana wapo na kwetu wanaorudi na ugonjwa wao kwa haya, na lugha wanaijua.

Mwisho wa Oktoba ukafika mtihani wa darasa la nane, wa mwisho kabisa wa aina hiyo nchini. Shule zikafungwa. Tulikuwa tumekata tiketi za wiki ya pili ya Novemba. Mvua ikafika kwanza. Nchi ile ilikuwa imetoka kukosa mvua misimu mitano mfululizo, tuliona mifupa ya ng'ombe njiani wakati wa kwenda, na sasa ilinyesha kana kwamba deni lote lalipwa kwa wiki moja. Tana ikafurika, mashamba ya kingoni yakazama, familia za mabondeni zikahamia penye miinuko na magodoro vichwani. Barabara ya Madogo ikakatika. Garissa ikawa kisiwa, na bei ya nyanya ikapanda kila asubuhi.

Wanawake wale hawakuhuzunika sana kwa kukatika barabara. Walisema Mwenyezi Mungu amewaongezea masomo. Darasa likahamia barazani, chini ya mabati, na mwenzetu akalazimika kufundisha kwa kupiga kelele juu ya sauti ya mvua. Ndipo likaja suala la nani atashika chaki tukiondoka. Mwalimu mgeni hangepatikana. Kulikuwa na binti wa mmoja wao aliyemaliza kidato cha nne, Kiswahili chake kizuri, ila aliona haya kuwafundisha mama zake wadogo. Walimwambia, "Haya yako ndiyo tunayolipia," wakamchangia shilingi mia kila mmoja kwa mwezi. Alianza tungali hapo, mwenzetu akikaa nyuma kama mwanafunzi. Alikosea kitu kimoja tu, naye akakirekebisha mwenyewe.

Matokeo yalitangazwa tarehe 23 Novemba, sisi bado tumezuiliwa. Msichana wa swali alikuja mbio na karatasi. Alama zake za Kiswahili zilipita za Kiingereza. Bibi alituletea nyirinyiri, nyama iliyokaushwa na kuhifadhiwa katika samli, kwenye chombo kilichofungwa kwa kitambaa, akasema kwa Kiswahili, bila mjukuu kufasiri: "Kaa chini. Kula." Tuliyafahamu maneno mawili ya kwanza yametoka wapi.

Tulivuka mwisho wa mwezi kwa mashua ya injini, mizigo ikiwa imefunikwa kwa nailoni, watu wakisoma dua kwa sauti kwa sababu maji yalikuwa ya kahawia na yalikwenda kasi. Upande wa Madogo basi lilikuwa likingoja kwenye tope. Safari ya kurudi ilichukua siku mbili.

Darasa laendelea Jumamosi na Jumatatu. Ujumbe wa mwisho tuliopokea, wa sauti na wenye v nyingi kuliko inavyohitajika, ulisema kwamba wameyamaliza maneno ya hospitali na sasa wameanza ya ofisi ya chifu: cheti cha kuzaliwa, kitambulisho, nimekuja jana mkaniambia nirudi leo. Waliuliza kama lipo neno zuri la kumwambia karani anayeomba kitu kidogo. Mwenzetu amewatumia matatu, wachague.