Hai Amarat, watu sifuri

Wiki iliyopita tuliaibika. Ngoja tuwaambie.

Sisi mavolontia tulikuwa kwa chumba chetu Hai Amarat, laptopu moja, jenereta ya jirani inanguruma, tunaandaa orodha ya mikeka. Kila familia, skripti yetu inakagua kadi kwanza, halafu inajigeuza kuwa programu ya kuhesabu tuliyoandika kwa C. Amri yake ni exec. Hapo si programu mbili kukimbia pamoja. Ya kwanza inafutika kwenye kumbukumbu, ya pili inakalia kiti chake, hata namba ya mchakato inabaki ile ile. Kitu ambacho ya kwanza ilijua lakini haikukabidhi, ndiyo basi. Waliotoka kwao usiku wanaelewa: unafika na ulichoshika mkononi.

Tulikabidhi agumenti tatu: namba ya kadi, mtaa, idadi ya watu. Tukajaribu na Munuki, safi. Gudele, safi. Tukachapisha, tukabandika.

Asubuhi mama mmoja akatuita pale ukutani. "Wanangu, mimi na watoto sita ndio sifuri?"

Tukaangalia. Familia zote za Hai Amarat, sifuri. Wengine walikuwa wameshaanza kuondoka, wakidhani wamefutwa. Huku kwetu mtu akifutwa kwenye orodha haulizi mara mbili, ameshazoea.

Tulikuwa tumeandika hivi:

exec ./hesabu $@

Skripti yenyewe ilipokea "Hai Amarat" ikiwa nzima. Ilikatika wakati wa kukabidhi, maana bila alama za kunukuu sheli inakata kila penye nafasi. "Hai" ikawa mtaa, "Amarat" ikaingia mahali pa idadi. Tulikuwa tunasoma idadi kwa atoi, na hiyo ukiipa neno lisilo namba inarudisha 0, kimya kabisa. Ile 7 ya kweli ilikuwepo nyuma, agumenti ya nne, hakuna aliyeisoma. Munuki na Gudele ni neno moja moja, ndiyo maana majaribio yalitudanganya. (Kwa Kiarabu cha Juba hai ni mtaa, kwetu ni mzima. Mzima, halafu sifuri!)

Sasa tunaandika:

exec ./hesabu "$@"

Na programu inahesabu agumenti kabla ya yote. Zisipokuwa tatu inakataa kwa sauti. Atoi tumeitoa, tumeweka strtol, inayotuonyesha kama kweli imesoma namba.

Mama alirudi mchana. Tukamsomea: Hai Amarat, 7. Akasema tumwandikie kwa kalamu, kwenye karatasi yake mwenyewe.