Mwanamke wa Saa Tisa Usiku



Miaka michache iliyopita, mwishoni mwa mkutano wa kikundi chetu, nilimnyang'anya kijana mmoja simu. Ndani yake niliikuta video ya zamani ya Marekani, nusu uchi na noti zikirushwa. Nilikemea kwa nusu saa: juu ya macho, juu ya tamaa, juu ya wakati unaopotea. Wavulana waliinamisha vichwa. Wakati wa kutoka, msichana mmoja alibaki nyuma, akaniambia kwa upole: «Papa mwalimu, umesema mengi juu ya macho ya hawa ndugu zetu. Juu ya yule dada aliye katika picha hukusema neno.»

Nilisomea ualimu, na maswali ya wanafunzi hayanitishi. Lile lilinifunga kinywa. Maana jioni ile, nikiwa peke yangu na simu ile, niliitazama video mara mbili. Mara ya kwanza nilitaka kuhakikisha. Mara ya pili sikuwa na sababu.

Nikatafuta kujua picha ile ilitoka wapi. Ilikuwa video ya wimbo «Tip Drill» wa rapa Nelly, ya mwaka 2003. Ilipata umaarufu wake katika kipindi kiitwacho Uncut, kilichoanza mwaka 2001 kwenye Black Entertainment Television, chaneli iliyoanzishwa mwaka 1980 kwa ajili ya Wamarekani weusi. Kipindi kilirushwa saa tisa usiku, na kilihesabiwa kuwa cha watu wazima tu. Video zisizoweza kuonyeshwa mchana zilipata makao humo, na wasanii wasiojulikana, wenye kamera za bei rahisi, walipata jina. Chaneli hiyohiyo ilikuwa na vipindi vya mahubiri. Usiku ulifanywa kuwa pazia: kila mtu alijua, wala hakuna aliyelazimika kujibu.

Katika video ile, kadi ya benki inapitishwa mwilini mwa mwanamke, kama mfanyabiashara anavyoipitisha kwenye mashine ya malipo. Mwaka 2004, Nelly alikuwa akitafuta watu wa kujitolea uboho, kwa kuwa dada yake alikuwa mgonjwa wa saratani ya damu. Shughuli hiyo ilipangwa kufanyika Spelman, chuo cha wanawake weusi mjini Atlanta. Wanafunzi hawakuudharau ugonjwa ule. Waliomba jambo moja: akija, azungumze nao pia juu ya video. Yaani, anayehitaji miili yetu ili kumwokoa dada yake, atueleze ameionaje miili ya dada wengine. Ziara ilivunjwa. Mwaka uliofuata mgonjwa alifariki, na mpaka leo siwezi kuisimulia habari hii kama ushindi wa upande wowote.

Uncut ilifungwa Julai 2006. Sitasema kwamba wanafunzi wale peke yao waliiangusha. Tena YouTube ilikuwa imekwisha kufunguliwa mwaka 2005: picha zilizongoja saa tisa usiku zikaanza kupatikana saa yoyote, hata zikafika katika simu ya kijana wa parokia yetu. Kipindi kilianguka, lakini mazoea yake yalihama tu.

Ndiyo maana nimeacha kuamini kwamba kazi yangu inaisha ninapozima simu. Mimi nilifanya kama chaneli ile ilivyofanya: nilimficha mwanamke yule. Wao walimficha katika usiku, mimi katika hotuba juu ya usafi wa wavulana. Wanafunzi wa Spelman walimleta mchana, wakauliza habari zake kama mtu.

Jumapili iliyofuata nilirudisha simu mbele ya wote, nikakiri kwamba niliitazama video mara mbili. Kukawa kimya. Kisha nikamwomba yule msichana arudie swali lake. Akalirudia. Nami nikauliza: huyu dada anaitwa nani? Alilipwa kiasi gani? Nani anamngoja nyumbani?

Mwenye simu alifikiri kitambo, akasema: «Sikuwahi kujiuliza, mwalimu.»

«Wala mimi,» nikamjibu.